Nyama ya Kupigwa

Baba alinipiga usoni na upawa wa mchuzi, mbele ya wageni wake, kwa sababu ya kipande kimoja cha nyama. Naanzia hapo, maana kila nikimsimulia mtu habari za ugonjwa wangu anataka nianze na vioo na picha za kwenye simu, eti wasichana wa siku hizi wanaiga wembamba wa watu wasiowajua. Niige wapi! Kijijini kwetu Kirushya simu yangu ilikuwa kitochi, hata sura ya mtu haionyeshi. Ugonjwa wangu mimi ulianzia kwenye upawa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote. Baba alikuwa wakala wa forodha pale mpakani Rusumo, anawashughulikia madereva wa malori makaratasi yao, na mwisho wa wiki alipenda kuja nyumbani na wenzake wa kazini ili waone kwamba na yeye ana mji. Siku hiyo walikuja watatu. Jiko letu lilikuwa uani, wageni wamekaa barazani, wanaona kila kitu. Mama akaniambia nionje chumvi. Nikaonja. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na njaa na nilidhani hakuna anayenitazama, nikachopoa kipande kimoja nikakitia mdomoni.

Kumbe baba alikuwa nyuma yangu. Alichukua upawa kwenye sufuria, mchuzi unachuruzika, akanitandika nao shavuni. Mdomo ukapasuka, nyama ikaanguka kwenye majivu.

"Mwili wote huo," akasema, "bado unaiba nyama ya wageni?"

Mgeni mmoja akadakia kutoka barazani, "Mwache bwana! Hilo ni semitrela, haliwezi kutembea bila mafuta." Wakaangua kicheko wote watatu. Na baba naye akacheka. Upawa uliniuma siku mbili tatu, lakini kile kicheko cha baba nakisikia mpaka leo, na nikikisikia natamani kuvunja kitu.

Ni kweli nilikuwa mnene, na silioni kosa. Nilikuwa mnene wa ndizi na maharage na usingizi mzuri. Lakini jina la semitrela halikubaki barazani. Lilifika gulioni kabla yangu. Vijana wa bodaboda wakawa nikipita wanapiga honi ndefu kama malori yanayoshuka kwenda darajani, halafu wanasogea pembeni, ati wanaliachia semitrela njia. Nilimtupia mmoja jiwe likampata begani. Baba alipopata habari akanichapa kwa sababu ya lile jiwe. Habari ya zile honi hakuiuliza.

Basi nikaacha nyama. Baada ya nyama nikaacha mafuta, na baada ya hapo nikaanza kuogopa hata ndizi. Wakati ule nisingeweza kueleza, leo naweza. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa cha baba. Sauti ilikuwa yake, fimbo ilikuwa yake, na mimi mwenyewe nilikuwa wake wa kupiga na kucheka. Lakini tumboni mwangu hakuweza kuingia akaweka ndizi. Njaa ilikuwa yangu peke yangu, nikaishika kwa mikono miwili. Wiki za mwanzo nilijiona nina nguvu kuliko yeye. Nilimtazama akila nikamdharau kimoyomoyo.

Tatizo lilikuwa Mama.

Ninaposema Mama simsemi aliyenizaa. Yule alifariki nikiwa mdogo. Huyu baba alimuoa kutoka Keza nikiwa na miaka minane, binti wa watu waliovuka kutoka Burundi wakakaa huko wakilima. Siku alipoingia, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alinivuta nyuma ya nyumba akaninong'oneza nisile chakula cha mwanamke yule, maana mama wa kambo huwa wanalisha watoto wa wenzao sumu, tena huyu hata ukoo wake hatuujui. Mtoto wa miaka minane unamwambia maneno hayo! Jioni Mama aliponiletea sahani nilifumba mdomo nikaukaza.

Huko kwetu hofu ya kulishwa ni kubwa. Mtu hakupi pombe ya ndizi bila kupiga funda la kwanza yeye mwenyewe, mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi. Asipoonja, unaweka chini. Mama hakubishana na mimi. Alimega ndizi kwenye sahani yangu, akatafuna, akameza, akaniachamia mdomo wazi nione hakuna kitu, halafu akanisogezea sahani. Nikala. Alifanya vile kila mlo kwa zaidi ya mwaka, mpaka siku nilipomwambia mwenyewe, "Mama, usionje tena, inapoa."

Sasa mtu kama huyo utamwambia nini ukiwa hutaki kula? Alikuwa anakaa mbele yangu ananitazama. Nikaanza kusema nitakula nje, kuna upepo. Nafunga chakula kwenye jani la mgomba, naingia shambani, nafukia chini ya migomba ambako udongo ni laini kwa sababu ya nyasi tunazotandaza. Narudi na sahani tupu nasema asante Mama, ilikuwa tamu. Muongo mkubwa mimi! Na yeye anajibu, "Umeshiba, mwanangu?" nami najibu nimeshiba.

Mwanzoni dunia nzima ilinisifu. Wanawake kanisani walinishika kiuno wakasema nimependeza. Wale wapiga honi wakaanza kunisalimia kwa adabu. Baba siku moja alinitazama toka juu hadi chini akasema, "Sasa ndiyo unafanana na mtu." Maneno hayo nilitembea nayo wiki nzima, na nikapunguza tena.

Halafu mwili ukaanza kunilipiza. Baridi ikaniingia, baridi ya mchana kweupe, jua linawaka mimi nimevaa sweta mbili. Nikisukwa nywele zinabaki mkononi mwa msusi, anaziweka pembeni kimyakimya ili nisione. Mikononi yakaniota malaika mengi, vinyweleo laini kama vya kitoto kichanga. Nikiinama kuchota maji kisimani naona giza, mara mbili nilizinduka nimelala kwenye tope ndoo iko pembeni. Hedhi ikakoma. Usiku nilikuwa nasikia moyo unapiga, unakaa, unapiga, nahesabu nikingoja kama utarudi. Na pamoja na hayo yote, nikijipapasa mbavu naona semitrela. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu hawaielewi wanapokuuliza kwani hukuwa na macho. Nilikuwa nayo, na yalikuwa yananidanganya.

Aliyegundua kwamba sifui vitambaa vya hedhi alikuwa shangazi. Huyo macho yake hayakuwa na likizo. Akamwendea baba moja kwa moja. "Binti yako ana mimba, ndiyo maana amekonda wala hachangamki."

Baba hakuniuliza kwanza. Aliniita uani, akavua mkanda, akaukunja upande wa ngozi na kuacha chuma cha kufungia nje. "Ni ya nani?" Nikamwambia sina mimba. Chuma kikatua mgongoni. "Ni ya nani?" Nikarudia. Nilikuwa sina nyama ya kupokea kipigo, kila pigo liligonga mfupa, na nilisikia mlio wake kama mtu anagonga mlango. Mama alitoka jikoni mbio akajirusha katikati. Baba hakusimamisha mkono. Yaliyobaki aliyapokea Mama, mabegani na shingoni, amenikumbatia kichwa changu kikiwa tumboni mwake, na nakumbuka nilisikia harufu ya moshi na maharage kwenye nguo yake nikapata njaa ya kufa mtu. Na bado sikula jioni ile.

Kesho yake walinipeleka zahanati. Nesi akapima, akasema hakuna mimba. Alinishika mkono akanikunja ngozi, akamtazama shangazi, akasema, "Mama, huyu mtoto ni dhaifu sana, mrudisheni tumpime na mengine." Shangazi alikuwa keshafika mlangoni. Njia nzima alitembea mbele. Alikuwa anapiga hesabu zake. Tulipofika nyumbani akasimama uani akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Kama hana mimba, basi kizazi kimefungwa. Na ninyi niambieni, nani anayempikia?"

Mama alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ikasimama.

Alikuwa hajajaliwa mtoto, miaka tisa ndani ya nyumba ile. Shangazi alikuwa analo hilo mdomoni siku zote kama jojo. Asiyezaa ndiye anayefunga vizazi vya wenzake, na hata huko Keza nani anajua wazazi wake walikimbia nini. Yakaanza hivyo, na katika siku mbili ukoo mzima ulikuwa umejaa kwetu: baba mdogo, yule anayemfuata baba kuzaliwa, pamoja na wanawe wawili wenye mabega mapana, na majirani waliokuja kutoa pole na kukaa kuona.

Mbwa wa jirani ndiye aliyeleta balaa. Alikuwa ameshaijua kazi yangu, akawa anafukua migombani. Baba mdogo akamwona na kitu mdomoni, akachukua jembe, akalima pale. Kikatoka kifurushi cha jani la mgomba. Akalima tena, kikatoka kingine. Walivileta uani wakavipanga juu ya gunia: vingine vimeoza vinatoa maji, vingine vimeshika ukungu mweupe, kimoja kimejaa funza. Wanawake wakashika vichwa. "Jamani! Yesu wangu! Dawa hizi!" Shangazi hakupiga kelele. Aliinama, akahesabu kwa kidole, akainuka akamtemea Mama mate usoni.

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale. Vile vifurushi nilivifunga mimi. Kile cha pembeni nilikifunga Jumapili, kilikuwa na njegere. Sentensi moja tu, mimi ndiye niliyefukia, ingemaliza kila kitu. Baba alikuwa kando yangu, na mkanda kiunoni. Nikawaza nikisema, ataniuliza kwa nini, na baada ya hapo atanilisha kwa nguvu, na njaa yangu itakuwa yake. Nikanyamaza. Mnielewe vizuri: sikunyamaza kwa sababu ya hofu ya kipigo peke yake. Nilikuwa nalinda ugonjwa wangu, na nilimwacha mama yangu atemewe mate ili niulinde.

Na Mama akanitazama mara moja tu, akashusha macho.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa. Alikuwa mtu mpole, alitaka damu isimwagike, na mimi simlaumu, ingawa alichokiamua ndicho kilichokaribia kuniua. Alisema mwanamke huyu apike siku tatu mbele ya mashahidi, aonje kwanza kama desturi ilivyo, na binti ale ashibe. Binti akinawiri, maneno yaishe na kila mtu arudi kwake. Binti akidhurika, ukoo utajua la kufanya. Watu wakaitikia kwamba ni haki.

Kwa hiyo nikala. Kwa ajili yake nikala, ndiyo namna pekee niliyoiona ya kumwokoa bila kusema. Mama alipika ndizi na maharage ya karanga, akamega mbele ya watu wote, akatafuna, akameza, akaniachamia mdomo kama zamani. Nikapokea. Kila tonge lilikuwa vita. Kichwani nilisikia honi. Shangazi akawa anaongeza, "Mjazie! Anaficha nini? Mjazie!" Wakachinja kuku. Wakaleta uji wa sukari, kikombe juu ya kikombe, na juisi ya ndizi. Mimi, niliyekuwa naishi kwa maji na vipande viwili vya ndizi, nilijazwa kama gunia la kahawa siku ile na kesho yake, na watu wanapiga makofi nikimaliza sahani. Baba mwenyewe alitabasamu.

Siku ya pili jioni miguu ikavimba. Shangazi akanibonyeza kidole gumba juu ya unyayo, shimo likabaki. Akazungusha macho kwa watu mmoja mmoja ili kila mtu alione lile shimo.

Siku ya tatu asubuhi, nikiwa kwenye kikombe cha pili cha uji, mikono ikaanza kutetemeka nikashindwa kushika kikombe. Moyo ukaenda mbio zisizo na mpangilio. Nilisikia uji wa moto ukinimwagikia mapajani na sikuhisi kuungua. Nikaanguka. Meno yakakaza, nikaanza kurusha miguu, na macho yangu yalibaki wazi upande mmoja, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona yote nikiwa nimelalia shavu chini.

"Amemuua!" Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi.

Mtoto wa kwanza wa baba mdogo alimpiga Mama teke la nyuma ya magoti, Mama akaanguka kwa magoti. Wa pili akamvuta kitambaa cha kichwa pamoja na nywele. Baba mdogo alikuwa na mpini wa jembe. Mama aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, na mpini ukatua juu ya kiwiko, nikasikia mlio nisiopenda kuusimulia. Mkono ukaning'inia kwa namna ambayo mkono hauwezi kuning'inia. Wakaendelea. Wanawake wale wale waliomshika kiuno msichana mwembamba kanisani wakimsifu, sasa walikuwa wanaokota mawe. Shangazi alimpiga kwa kile kikombe cha bati cha uji, paji la uso likachanika. Na baba yangu akaja. Kwa sekunde moja nilifikiri anakuja kuamua ugomvi. Alimpiga mkewe teke la mbavu, mara mbili, na kiatu chake cha kazini, kile anachokipiga rangi kila Jumatatu kabla ya kwenda Rusumo.

Nilitaka kusema. Naapa, sasa nilitaka kusema, na taya halikufunguka.

Mwenyekiti ndiye aliyewasimamisha, baada ya kupiga kelele mpaka sauti ikakauka kwamba polisi watawachukua wote, wanaume kwa wanawake. Wakarudi nyuma wakihema. Na hapa nataka uone jambo moja, maana mimi ndilo ninaloliona kila siku. Watu wote wale walikuwa wanapiga kwa ajili yangu. Mtoto wetu, walikuwa wanasema, mtoto wetu. Na muda wote ule nilikuwa nimelala katikati yao kwenye vumbi, povu mdomoni, na hakuna hata mmoja aliyeniinamia. Hakuna aliyewaza hospitali.

Aliyeniinamia alikuwa Mama. Alitambaa. Damu ilikuwa inamwingia jicho la kushoto. Alinigeuza ubavu ili nisipaliwe, akaita bodaboda kwa sauti iliyopasuka, na kijana aliyekuja alikuwa mmoja wa wale wapiga honi. Huyo kijana Mungu ambariki, hakuuliza nauli wala hakuuliza kosa la mtu. Aliniweka katikati, Mama akapanda nyuma, akanifunga kwake na kitenge, akanishika kwa mkono wake mmoja mzima, na njia nzima ya mashimo, kila tulipodunda, alikuwa anaguna na kuniambia, "Pumua, mwanangu. Pumua tena."

Hospitali tulimkuta daktari wa kike, kijana, mkali wa maneno. Waliniwekea dripu, wakanitoa damu, wakanipima moyo. Baadaye alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda akanieleza polepole kama mwalimu. Hakukuwa na sumu. Mwili uliokaa na njaa miezi mingi, alisema, hauzibuliwi kwa sinia. Ukiujaza ghafla, madini kwenye damu yanaporomoka na moyo unapoteza njia, na wengine wanakufa sahani ikiwa mkononi. Tungekuletea kidogo kidogo, alisema, vijiko tu, tukikupima kila siku. Akaniuliza nilikaa na njaa kwa sababu gani. Kitanda cha pili Mama alikuwa anafungwa plasta. Alipoulizwa mkono umefanyaje, nilimsikia akijibu ameanguka shambani.

Daktari alipotoka, niligeuza kichwa. Nikasema, "Mama. Vile vifurushi nilikuwa nafukia mimi."

"Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema alijua tangu wiki ya pili. Aliniona nikiingia migombani. Vingine mbwa alivifukua na yeye akavifukia tena, chini zaidi, nisije nikaonekana. Alifikiri yatapita, alifikiri akiongeza karanga kwenye maharage nitavutiwa.

Nikalia kwa hasira, hasira ya kweli. "Sasa kwa nini hukusema? Wanakutemea mate, wanakuvunja mkono, na unajua! Kwa nini hukusema ni mimi?"

Alitazama plasta yake. Uso ulikuwa umevimba, midomo haikutani.

"Ningesema wangekupiga wewe," akasema. "Mimi nina nyama ya kupigwa. Wewe huna."

Miaka imepita, tunaishi Biharamulo, yeye na mimi. Hakwenda polisi, na kwa hilo tumegombana mara nyingi, mimi ningewapeleka wote wakaoze ndani. Alisema amechoka kutazama nyuso zao na mahakamani angezitazama tena. Mkono wa kulia haunyooki, anapika kwa kushoto, na mchana kibanda chetu cha chakula kinajaa madereva na walimu wanaomwita Mama na kulamba vidole. Hakuna hata mmoja anayesubiri aonje.

Na mimi sikupona kama mtu anavyopona malaria, unameza dawa unaamka. Hedhi ilichukua zaidi ya mwaka kurudi. Nilijikwaa kwenye kizingiti tu nikavunjika kifundo cha mkono, daktari akasema mifupa ilikopwa kipindi kile na haijalipwa yote. Zipo wiki, hasa nikiwa na hasira na mtu, ule mkono wangu wa zamani unasukuma sahani wenyewe kabla sijafikiri. Zipo siku natema matusi kwa ndizi. Mama anakuja anakaa, anamega kidogo kwenye sahani yangu, anatafuna, anameza, ananiachamia. Mwanamke mzima mimi, nina ndevu moja kidevuni, na bado anafanya vile, na bado inanilisha.

Mwezi uliopita baba alikuja. Amestaafu, amekonda, shangazi alishakufa. Alifika saa saba mchana, wateja wamepungua. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba. Akasema amepita tu kutusalimia. Mama alimkaribisha kiti, akanawa mkono wake mmoja, akampakulia: ndizi, maharage, na juu yake nyama, vipande vinene, maana ni mgeni. Akamwekea mezani.

Baba hakugusa. Alikuwa anasubiri. Nilimwona macho yakienda kwenye sahani, yakienda kwa Mama, yakirudi kwenye sahani. Mwanaume aliyempiga mbavu kwa kiatu alikuwa amekaa pale anangoja amwonjee.

Mama alisimama akajifuta mkono kwa aproni. Hakuonja. "Karibu, kula," akasema, basi.

Mvuke ukaanza kuisha juu ya ile nyama. Baba akameza mate. Akasema aa, kwa kweli amekula njiani.

Nilinyoosha mkono nikaivuta sahani yake mpaka kwangu. Nikaanza na nyama. Nilikula nikimtazama usoni, kipande kwa kipande, mafuta yananichuruzika mkononi, nikala ndizi, nikala maharage, nikakomba mchuzi kwa kidole mpaka bati likaonekana. Hakucheka.

Mama akaja akachukua sahani tupu. "Nikuongeze?"

"Ongeza," nikamwambia. "Na nyama."